Kama asidi za nyongo zinaua seli za ini, mbona shangazi anapewa asidi nyingine ya nyongo?

Swali limetoka kwa kijana anayeuza kwenye duka la dawa huko Bombo: "Dokta shikamoo. Shangazi yangu ana miaka 52, miezi sasa anajikuna mwili mzima, usiku ndio mbaya zaidi, viganja na nyayo haswa. Macho yameanza kuwa njano na mkojo umekuwa mweusi. Musawo wa kliniki amemwandikia vidonge vya asidi ya ursodeoksikoliki. Nikaenda kusoma nikakuta asidi za nyongo zinatoboa utando wa seli na kuua ini. Sasa mbona anaongezewa asidi nyingine juu ya zile zilizomjaa? Na hizi seli zinakufaje, zinayeyuka kama mafuta kwenye sabuni? Jirani naye anasema tumpe nyongo ya mbuzi. Altrasaundi bado hajapiga."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako zuri na nitalijibu kwa urefu, lakini ile sentensi ya mwisho eti altrasaundi bado ndio imenishtua, manake jibu la kama hio dawa inamfaa shangazi ama haimfai liko kwenye altrasaundi, haliko kwenye pakiti ya vidonge. Kama utachoka kusoma njiani basi fanya hilo moja tu, mpeleke apigwe altrasaundi ya ini na mirija ya nyongo wiki hii hii. Sababu utaiona huko chini.

Kwanza tutenganishe kitu ambacho watu wanachanganya sana. Ile njano ya macho sio asidi za nyongo. Njano ni bilirubini, inatoka kwenye chembe nyekundu za damu zilizozeeka, ini linaichukua na kuitupa kwenye nyongo. Asidi za nyongo zenyewe hazina rangi, na zinatengenezwa na ini kutoka kolesteroli. Sema tu vyote viwili vinatokea njia moja, ndio maana njia ikiziba vinapanda pamoja na mtu anakuwa njano huku anajikuna. Lakini sio lazima viende pamoja. Mtoto wa selimundu, hii tunayoita sikoseli na huku kwetu Busoga na kaskazini wako wengi, anaweza kuwa na macho ya njano kabisa na asidi zake za nyongo ziko sawa, kwa sababu shida yake ni chembe nyekundu kuvunjika haraka. Na mama mwenye mimba ya miezi minane anaweza kujikuna viganja mpaka akose usingizi, macho meupe pe, kumbe asidi za nyongo ziko juu, na hio sio ya kupuuza hata kidogo, uchambuzi mkubwa uliotoka 2019 ulionyesha zikifika mikromoli 100 kwa lita ya damu na kuendelea hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda. Mtu mzima ambaye hajala anatakiwa awe chini ya mikromoli 10 hivi. Kipimo kipo, ila maabara nyingi zetu hazikifanyi, watakupimia bilirubini na enzaimu za ini basi.

Sasa hizi asidi zenyewe. Ini linatengeneza aina mbili, asidi ya koliki na asidi ya kenodeoksikoliki, kama nusu gramu tu kwa siku, alafu linazifunga na glisini au taurini ili zikae vizuri kwenye maji. Zikifika utumboni bakteria wanazigeuza wanatoa nyingine mbili, deoksikoliki na lithokoliki. Kazi yake unaijua: ukila rolex yako asubuhi, yale mafuta ya chapati na mayai yasingenyonywa vizuri bila asidi za nyongo, mengi yangepita hadi chooni yakiwa na vitamini A, D, E na K. Mwishoni mwa utumbo mdogo kama asilimia 95 zinanyonywa tena, zinarudi kwenye ini na damu, ini linazichukua na kuzitoa upya. Mwili mzima una gramu 2 hadi 4 tu lakini zinazunguka mara 6 hadi 10 kwa siku. Shika hilo la mzunguko, manake seli ya ini haihangaiki tu na asidi iliyoitengeneza yenyewe, kila saa inapokea na zile zinazorudi, kwa hio ikishindwa kuzitoa upande wa pili zinajaa ndani haraka sana.

Umeuliza kama ni sabuni. Ni sabuni kweli, ila ya umbo lingine. Sabuni ya kufulia ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaopenda mafuta. Asidi ya nyongo ni bapa, ina nyuso mbili, uso mmoja una vikundi vya haidroksili vinavyopenda maji na uso wa pili hauna, huo unapenda mafuta. Zikiwa chache kila moja inaelea kivyake. Zikifika kiwango fulani, hapo kwenye milimoli kadhaa kwa lita (milimoli moja ni mikromoli elfu moja), zinajikusanya nyuso za mafuta zikitazamana ndani, zinakuwa vifurushi vidogo vinaitwa miseli, na miseli ndio inabeba mafuta. Na utando wa seli ni nini kama sio mafuta, ni tabaka mbili za fosfolipidi na kolesteroli na protini zimechomekwa humo. Kwa hio kitu kinachoweza kuyeyusha mafuta ya rolex kinaweza kuyeyusha na utando wa seli, sabuni haijui hii ni mafuta ya nani.

Watu wa maabara wanalijua hili zamani. Sodiamu deoksikoleti tunaitumia kuvunja utando ili tutoe protini zilizomo. Ile agari ya MacConkey ya kuoteshea bakteria, ambayo kila mtu aliyesoma maabara ameishika, imewekewa chumvi za nyongo makusudi ili bakteria wa gramu chanya wasiote, wale wa utumbo kama E. coli wanavumilia kwa sababu wana utando wa nje unaowakinga. Na huko Marekani tangu 2015 imeruhusiwa sindano ya asidi ya deoksikoliki ya kuondoa mafuta chini ya kidevu, yaani wanachoma pale pale kwenye mafuta ili seli zipasuke kidevu kipungue. Banange, urembo.

Lakini sio zote zina ukali mmoja, na hapa ndipo jibu la shangazi yako linaanzia. Ukali unafuata zinavyopenda mafuta: lithokoliki ndio mbaya kabisa, ikifuatiwa na deoksikoliki, alafu kenodeoksikoliki, alafu koliki, na ile ya ursodeoksikoliki iko chini kabisa, ni sabuni mbovu, haitoi kitu.

Sasa mbona hazituyeyushi kila siku? Hili hukuuliza ila mi naona ndio tamu kuliko yote. Seli za ini zimepangana, na katikati ya seli na seli kuna kimfereji kidogo sana ambamo nyongo inaanzia. Upande mmoja wa seli unagusa damu, upande wa pili unagusa kimfereji. Kwenye utando wa upande wa kimfereji kuna pampu inaitwa BSEP, inatumia ATP, ile kemikali inayobeba nguvu ndani ya seli, kusukuma asidi za nyongo nje, mpaka kwenye nyongo zinakuwa nyingi kuliko kwenye damu mara elfu na zaidi. Hapo ni milimoli nyingi, kiwango cha kuyeyusha utando kabisa, na ule utando umekaa hapo hapo umeoga humo masaa 24. Unaponaje? Kwanza umejengwa tofauti, una sfingomielini na kolesteroli nyingi zimebanana, na utando wa namna hio sabuni inapata shida kuuingia. Pili, na hii ndio kubwa, kuna protini nyingine pale inaitwa MDR3, kazi yake ni kutoa fosfolipidi ya fosfatidilikolini kwenda kwenye nyongo, nyingi kila siku. Ukiangalia haraka unaona ni upotevu, ini linatupa mafuta mazuri bure. Sio upotevu. Asidi za nyongo zikikutana na hizo fosfolipidi zinatengeneza nazo miseli ya mchanganyiko, zinakuwa zimeshiba, hamu ya kuvamia utando inaisha.

Tunajuaje? Mwaka 1993 ilitolewa kazi ya panya waliofutiwa jeni ya hio protini. Nyongo yao ilikuwa na asidi kama kawaida lakini haina fosfolipidi, na ini likaharibika, hakuna sumu waliyopewa, hakuna virusi, ni nyongo yao wenyewe tu. Na binadamu wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni hio hio wapo, wanapata ugonjwa wa ini utotoni au ukubwani, wengine mawe ya nyongo wakiwa vijana. Seli za mirija ya nyongo nazo zina kinga yao, zinatoa baikaboneti juu ya uso wake, asidi za nyongo zikifika pale zinabaki na chaji na zenye chaji haziwezi kupenya utando kirahisi.

Kwa hio nyongo ikiwa mahali pake, imechanganyika sawa, na inatembea, haimdhuru mtu. Ikisimama ndio balaa.

Haya, utando unavunjikaje. Hauendi mara moja. Asidi inajichomeka kwanza kwenye tabaka la nje, utando unalegea, protini zilizokuwa zimetulia zinaanza kukaa vibaya ama kujikusanya mahali pamoja. Ukiongeza, vipande vya utando vinaanza kung'oka. Ukiongeza zaidi utando unakatika vipande vipande unageuka miseli. Na kuna kitu utakiona kwenye karatasi ya majibu ya shangazi bila kujua ndio hiki: ALP. Hio ni enzaimu iliyobandikwa kwenye utando, njia ikiziba ini linatengeneza nyingi zaidi na asidi za nyongo zinasaidia kuibandua kutoka kwenye utando, ndio inaingia damuni. Kwa hio ALP ikiwa juu sana kuliko ALT, ambayo ni enzaimu ya ndani ya seli za ini inayovuja zikiumia, tunafikiria kwanza nyongo haipiti, na ALT ikiongoza kwa mbali tunafikiria seli zenyewe zinakufa, mfano mtu wa hepataitisi B iliyochachamaa.

Sasa kufa kwenyewe. Hapa kuna ubishi wa wataalamu wa miaka mingi na mi nina upande wangu.

Upande wa kwanza, kundi la mtafiti wa ini Gregory Gores pale Mayo Clinic, Marekani. Miaka ya 1990 walichukua seli za ini za panya wakaziwekea asidi ya kenodeoksikoliki iliyofungwa na glisini, kiwango kidogo, makumi ya mikromoli, na ndani ya masaa seli zikaanza kufa kwa apoptosisi, yaani seli inajiua kwa utaratibu, inasinyaa, inakatakata DNA yake, inajifunga vipande vipande. Angalia hesabu vizuri: hicho kiwango kiko mbali sana chini ya kile cha kuyeyusha utando. Kwa hio hapa sabuni haihusiki, kinachotokea ni ishara. Kipokezi kinachoitwa Fas, ambacho kazi yake ni kuiambia seli jiue, kinapanda juu kwenye utando na kujikusanya bila hata kuguswa na kile kinachokiamsha siku zote. Mitokondria, vile viwanda vya nguvu ndani ya seli, nazo zinaguswa, utando wake unafunguka matundu, protini inayoitwa saitokromu c inavuja, na hapo seli hairudi tena. Hii hadithi ni nzuri, imefundishwa miaka na miaka, na mimi pia nimeifundisha sana.

Upande wa pili, kundi la Hartmut Jaeschke pale Kansas, huko huko Marekani, wakasema ngoja kwanza. Panya sio mtu. Asidi za nyongo za panya ni tofauti na zetu, nyingi ni taurokoliki na nyingine ambazo sisi hatuna, hazina ukali ule. Wakachukua seli za ini za binadamu wakaona kwa viwango vya chini zinavumilia, zinakufa ukifikia viwango vikubwa kama vile vilivyo ndani ya nyongo, na zikifa zinakufa kwa nekrosisi, yaani zinavimba zinapasuka na vitu vya ndani vinamwagika. Hio apoptosisi nadhifu haionekani sana. Alafu kwenye panya waliofungwa mrija wa nyongo waliona kitu kingine, seli za ini zikijaa asidi za nyongo zinaanza kutoa kemikali za kuita nutrofili, hizi askari wa damu, na nutrofili zikifika zinaua zaidi ya asidi yenyewe. Panya ambao nutrofili zao zimenyimwa uwezo wa kunata kwenye seli, ukiwafunga mrija hivyo hivyo wanaumia kidogo.

Na kuna kazi ya 2019 ya kuangalia kwa darubini ini la panya aliye hai baada ya kufungwa mrija. Presha ikapanda kwenye vimfereji, utando wa upande wa kimfereji ukapasuka kwenye seli moja moja, na nyongo ikaingia ndani ya seli ikatokea upande wa damu. Hapo seli inakutana na asidi kwa milimoli, sio mikromoli, na pale sabuni inafanya kazi yake ya sabuni kweli kweli. Yale madoa yaliyokufa kwenye ini yanaitwa infakti za nyongo, na wataalamu wa patholojia wanayajua miaka mingi hata kabla ya hizo darubini.

Ukiniuliza mimi, kwa mtu mwenye mrija umeziba, ile apoptosisi ni sehemu ndogo, kubwa ni nekrosisi ya madoa madoa pale vimfereji vinapopasuka na uvimbe wa nutrofili unaofuata. Kwa hio jibu la "zinayeyuka?" ni ndio, lakini mahali fulani fulani tu, sio ini zima linaoshwa na sabuni. Na hili sio ubishi wa vitabuni tu, manake kama seli zingekuwa zinajiua kwa ishara ungetafuta dawa ya kuzima ishara, lakini kama zinapasuliwa na presha ya mrija ulioziba, dawa ni kufungua mrija.

Kuna ushahidi mwingine naupenda na unatuhusu sana huku. Asidi zinazorudi na damu zinaingia kwenye seli ya ini kupitia protini inaitwa NTCP. Mwaka 2012 ikagundulika kwamba virusi vya hepataitisi B vinaingilia mlango huo huo, ndio maana vinashambulia ini na sio sehemu nyingine. Ikatengenezwa dawa ya kuuziba, inaitwa bulevirtide, Ulaya wameiruhusu 2020 kwa wenye hepataitisi D, ambayo inahitaji B ndio iishi. Mtu akipewa, asidi za nyongo kwenye damu zinapanda, lakini ini haliumii na wengi hawasikii kitu. Umeona? Asidi zikiwa damuni kwa viwango hivyo hazina neno, shida inakuja zikijaa ndani ya seli au zikikwama kwenye mirija. Hata seli za maabara za saratani ya ini ambazo hazina NTCP ya kutosha, ukiziwekea asidi hizi hazifi, ukizirudishia NTCP zinakufa.

Seli yenyewe haikai tu ikisubiri. Ina kipokezi ndani kinaitwa FXR, kiligundulika 1999 kuwa ndicho kinachohisi asidi za nyongo. Zikizidi kinapunguza utengenezaji, kinapunguza milango ya kuingilia, kinaongeza pampu za kutolea, na seli inafungua hadi njia za nyuma kuzirudisha damuni ili figo zizitoe na mkojo. Ndio maana mtu anaweza kuishi na mrija uliobana kiasi kwa muda mrefu kabla ini halijasinyaa.

Sasa turudi kwa vidonge vya shangazi. Chukua asidi ya kenodeoksikoliki, ambayo ni kali, na ursodeoksikoliki, ambayo ni pole. Zina atomi zile zile, idadi ile ile. Tofauti yake ni haidroksili moja tu kwenye kaboni ya 7, kwenye moja imeelekea uso huu, kwenye nyingine uso ule. Basi. Hio moja ikigeuka, ule uso unaopenda mafuta unapata doa la maji, haiwezi tena kujichomeka vizuri kwenye utando. Hili limeonekana kwa watu kabisa, miaka ya 1970 kenodeoksikoliki ilitumika kuyeyusha mawe ya nyongo, wengine wakaharisha na enzaimu za ini zikapanda, baadaye ursodeoksikoliki ikachukua nafasi yake na ini halikulalamika.

Kwa hio dokta wa kliniki hamwongezei moto. Kwa kipimo cha miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kile cha ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia mirija midogo ya ndani ya ini unaopenda akina mama wa umri kama wa shangazi, hio asidi pole inakuwa sehemu kubwa ya asidi zote za nyongo na zile kali zinapungua uwiano. Inaisukuma seli kuweka pampu zaidi kwenye utando wa kimfereji, inaongeza baikaboneti kwenye mirija, na inazituliza mitokondria. Haya yote mazuri.

Lakini. Umeona kazi yake kubwa ni ipi? Kuongeza mtiririko wa nyongo. Sasa ongeza mtiririko kwenye mrija ulioziba kabisa. Mwaka 2002 kuna watu walifanya hivyo kwa panya waliofungwa mrija, wakawapa ursodeoksikoliki, infakti za nyongo zikaongezeka, sio kupungua, manake presha ilipanda na vimirija vikapasuka zaidi. Na kwa watu wenye ugonjwa mwingine wa makovu ya mirija, utafiti uliotoka 2009 uliwapa kipimo kikubwa sana, miligramu 28 hadi 30 kwa kilo, enzaimu zikashuka karatasini wakafurahi, kumbe waliopewa dawa ndio walipata matatizo makubwa zaidi ya wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa hio namba za karatasi kushuka sio kupona, na kipimo kisiongezwe kwa sababu eti haisikiki.

Ndio maana nimekaza kuhusu altrasaundi. Swali la kwanza ni mirija imepanuka ama haijapanuka. Ikiwa imepanuka kuna kitu kimeziba mbele, linaweza kuwa jiwe, inaweza kuwa uvimbe kwenye kichwa cha kongosho hasa kama amekonda, inaweza kuwa tezi za kifua kikuu zinabana, nimeona hata minyoo ya askarisi imeingia kwenye mrija. Hapo hakuna kidonge, ni kufunguliwa mrija, na aende hospitali ya rufaa, Mulago kutoka Bombo sio mbali. Ikiwa haijapanuka, mara nyingi shida iko ndani ya ini, hapo waangalie kingamwili dhidi ya mitokondria, ambayo ni alama ya ule ugonjwa wa kinga niliousema, hepataitisi B na C, na dawa zote alizokuwa anakunywa pamoja na mitishamba, na hapo vidonge vyake vinaweza kuwa sahihi kabisa. Muulize pia rangi ya choo, kikiwa cheupe kama udongo wa kupaka nyumba basi nyongo haifiki utumboni na haraka ni kubwa zaidi.

Mambo mawili ya kazi yako ya dukani. Kama nyongo haipiti muda mrefu vitamini K hainyonywi na damu inachelewa kuganda, kwa hio usimuuzie aspirini wala diklofenaki, na kabla ya kung'olewa jino au kuchomwa chochote waambie ana njano. Na kujikuna, zile dawa za mzio za kawaida hazitamsaidia sana zaidi ya kumlaza, kuna unga wa kolestiramini unaofunga asidi za nyongo utumboni, unywewe mbali na dawa nyingine manake unazifunga nazo. Rifampisini inatumika pia kwa muwasho huu, ila hio hio inaweza kuumiza ini na inaizuia ile pampu ya BSEP, kwa hio iwe mkononi mwa dokta anayempima damu, usimpe tu kwa sababu iko kabatini. Akipata homa na kutetemeka pamoja na njano, usiku usiku huo huo hospitali, hapo ni maambukizi kwenye mrija uliofunga na yanaua haraka.

Nyongo ya mbuzi, hapana. Ni asidi kali zile zile ambazo mwili wake unashindwa kuzitoa, na zikinyonywa zitaenda kwenye ini lile lile lililojaa. Huko Asia watu wanaomeza nyongo ya samaki jamii ya kapu kama dawa wamefika hospitali figo zimesimama na ini limeumia, wengine wamekufa, ile ya samaki ina alkoholi ya nyongo inayoitwa saiprinoli, ni ya aina yake, ya mbuzi haina hio, lakini sioni itamsaidia nini mtu ambaye tatizo lake ni nyongo isiyotoka. Jirani mwambieni ahsante kwa kujali, mbuzi mleni nyama, na hata nyama yenyewe shangazi apunguze yenye mafuta mpaka choo kirudi rangi.